Kukempu na mtoto mchanga Dodoma: panga usiku kwanza

Wazazi wenzangu, najua wengi mnatamani kutoka mjini wikiendi mkalale nje kidogo, mpate hewa, ila mna mtoto bado ananyonya na kila mtu nyumbani anasema haiwezekani, mama mkwe ameshanuna, jirani ameshauliza mnampeleka mtoto kwa fisi au vipi. Inawezekana kabisa, na mtoto mwenyewe anafurahi kweli, wanapenda majani yanavyocheza na upepo kuliko toi yoyote. Kuna kitu kimoja tu naomba mkishike, nacho ni kwamba safari ya hivi inapangwa kuanzia usiku. Wengi tukipanga kempu tunapanga mchana, nani analeta nyama, nani analeta spika, picha tutapigia jabali gani, usiku tunauacha ujipange wenyewe, na kwa mtu mzima inapita tu maana ukisikia baridi unavaa koti, mbu akikuuma unajikuna. Mtoto wa miezi mitano hawezi kuvuta shuka, na likimfunika uso usitegemee aweze kulitoa, wala hawezi kukwambia nasikia joto. Karibu kila kitu cha kuogopa kwenye kempu na mtoto, baridi, mbu, moshi wa jiko, kukosa usafiri akiumwa, kipo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Ukishapanga hayo masaa vizuri, mchana ni kivuli na maziwa tu.

Umri kwanza. Kwa maoni yangu chini ya miezi mitatu bakini nyumbani. Sababu sio ushamba, ni kwamba mtoto wa umri huo akipata homa ya nyuzi 38 anatakiwa hospitali saa hiyohiyo, hakuna kusema tusubiri kukuche, na pia chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ziwe zimeshapita. Aliyezaliwa njiti, au mwenye shida ya moyo au kifua, muulizeni daktari wake kabla hamjanunua hata kamba ya tenti. Rahisi zaidi ni kati ya miezi minne na saba hivi, shingo imeshakaza, unambeba mgongoni, na bado hajaanza kutambaa. Akishaanza kutambaa ni habari nyingine, kila kitu kinaenda mdomoni, jiwe, mwiba wa mgunga, kinyesi cha mbuzi, hapo mtu mzima mmoja kazi yake kutwa nzima ni kumwangalia huyo tu. Kwa hiyo msiende mzazi mmoja peke yake, muwe watu wazima wawili au watatu, na mmoja wenu anayejua kuendesha asiguse pombe kabisa usiku huo, maana saa nane za usiku mtoto akibadilika ni yeye anashika usukani.

Sasa mnaenda wapi. Kipimo changu ni kimoja, kutoka kwenye tenti mpaka mahali penye daktari na kipimo cha malaria isizidi saa moja ya gari, na hiyo saa moja uihesabu kwa usiku na kwa barabara hiyohiyo ikiwa imenyesha. Kwa mara ya kwanza kabisa laleni uani kwenu. Nasema kweli, fungueni tenti hapohapo uani au kwenye shamba la ndugu kule Chamwino au Bahi, laleni usiku mmoja, mtajua mtoto anaamka mara ngapi, mtajua zipu inakwama wapi, mtajua nani anakoroma, na kikiharibika kitu mnaingia ndani. Mkiona mmeweza ndio mnatoka.

Kwa safari ya kwanza ya kweli napenda Kolo, huko Kondoa. Barabara ya lami ya kwenda Babati na Arusha inapita hapo, Kolo iko kama kilomita 20 kaskazini ya Kondoa mjini, na hospitali ya wilaya ipo hapo Kondoa. Michoro ya mapangoni ya Kondoa ipo maeneo hayo, iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mtoto mnaweza kupanda naye akiwa kwenye mbeleko, ila sehemu zingine ni mawe na mteremko kwahiyo anayembeba avae viatu vya kushika ardhi, sio ndala, na mwingine atangulie. Pandeni asubuhi, saa nne muwe mmeshashuka.

Mtera ni pazuri kwa macho, lile bwawa jioni linapendeza mno, lakini lina viboko na mamba, viboko wanatoka usiku kula majani nchi kavu, kwahiyo tenti haisogei karibu na maji hata mwenyeji akikwambia hapa hawafiki. Na maji ya bwawa au lambo lolote, iwe Mtera iwe Hombolo, mtoto asiogeshwe humo, kichocho kinaingia kupitia ngozi na ngozi ya mtoto ni laini. Ruaha naipenda sana ila kwa mtoto mchanga naona isubiri. Iringa mjini mpaka hifadhini ni zaidi ya kilomita 100, kuna ndorobo, kuna malaria, na usiku hutoki kwenda popote. Akifika miaka miwili mitatu mtakwenda na atafurahia tembo.

Popote mtakapokwenda nje ya kambi rasmi, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla ya kushusha mizigo. Sio suala la kibali tu. Msalimieni, kama ni Ugogoni ukisema mbukwenyi wazee wanafurahi, waambieni mna mtoto mdogo mnaomba kulala, na waulizeni mambo matatu, maji ya mvua yanapita wapi, fisi wanapita wapi, na zahanati inayofungua usiku iko wapi. Chukua namba ya mwenyekiti na ya bodaboda mmoja au mwenye gari hapo kijijini. Shikamoo moja inakupa ulinzi kuliko tochi tano.

Msimu. Mvua kwetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, hapo msiende na mtoto, mbu wengi, siafu wanatembea, na makorongo yanajaa ghafla. Mmekumbuka Katesh Desemba 2023, matope yaliyotoka Mlima Hanang yalivyoshuka kwa watu waliokuwa majumbani mwao kabisa, sasa wewe uko kwenye kitambaa. Mei na Juni mwanzoni pako vizuri, majani bado yapo, vumbi halijawa kali. Juni mwishoni mpaka Agosti mchana ni raha ila usiku inaweza kushuka mpaka nyuzi 13 au 14 na upepo juu, inawezekana lakini inataka maandalizi. Oktoba na Novemba ni joto, tenti mchana inakuwa tanuri, kama lazima muende basi tenti ni ya kulalia usiku tu.

Mahali pa kusimamisha tenti ndipo wengi wanapoteleza, maana mchanga wa korongo unavutia. Unaukuta umelala bapa, msafi, hauna miiba, hauna mawe, umezungukwa na miti ya kivuli, mtu yeyote mwenye mtoto akiona anasema hapahapa. Huo mchanga umewekwa hapo na maji. Mito yetu mingi ya mchanga huku kati inakaa mikavu miezi na miezi, halafu mvua inanyesha milimani mbali huko wewe hata wingu huoni, maji yanakuja na magogo usiku. Angalia kwenye miti ya pembeni, ukiona majani makavu na takataka zimenasa kwenye matawi juu ya kimo chako, maji yalifika hapo. Panda juu, tafuta pa kuinuka kidogo penye ardhi ngumu. Na usiweke chini ya mbuyu pia, najua picha zinapendeza, ila matunda yanaanguka, matawi yanakatika, na kwenye matundu ya mibuyu mara nyingi kuna nyuki, moshi wa jiko lako ukiwafikia hutaweza kukimbia na mtoto. Chini ya migunga miiba itatoboa tenti na magoti ya mtoto. Bora sehemu ya wazi kidogo halafu kivuli cha mchana mkitengeneze wenyewe kwa turubai lililofungwa juu, pande zote wazi, hewa ipite.

Upepo wa kiangazi huku mara nyingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kwahiyo mgongo wa tenti uelekee huko na mlango uwe upande wa pili. Kamba zote zifungwe, hata kama sasa hivi pametulia, maana saa tano usiku upepo ukianza tenti inapiga kelele na mtoto hatalala, na hutapenda kutoka kugongea vigingi gizani. Ardhi ngumu kigingi kikigoma funga kamba kwenye jiwe kubwa. Fagieni pale chini kabla ya kutandika, geuzeni kila jiwe kwa kijiti sio kwa mkono, nge wanakaa chini ya mawe mchana.

Haya tuje kwenye malazi, na hapa naomba msome taratibu.

Mtoto analala chali, kila usingizi, mpaka atimize mwaka. Analala juu ya kigodoro bapa na kigumu, kile chembamba cha kwake kutoka nyumbani kinatosha, juu ya mkeka. Sio juu ya godoro la upepo. Godoro la upepo mtu mzima akijigeuza mtoto anabiringika kuelekea kwenye shimo, uso unazama, na yeye hana nguvu ya kuutoa. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna blanketi la manyoya, hakuna kanga zilizorundikwa pembeni za kumzuia asibiringike. Awe katikati ya tenti, asiwe kwenye ukuta, maana ule ukuta wa kitambaa usiku unalowa umande kwa ndani na upepo ukiusukuma unamlalia usoni. Mimi napenda awe pembeni ya mama, mkono unafika, lakini kwenye kigodoro chake. Najua nyumbani wengi tunalala nao kitanda kimoja, sikusemi, ila kwenye tenti kuna watu wamechoka na safari, kuna mifuko ya kulalia mizito, kuna aliyekunywa mbili tatu, na hapo ndipo mtu anamlalia mtoto bila kujua. Aliyekunywa au anayevuta sigara asilale pembeni ya mtoto.

Nguo. Badala ya blanketi mtengenezee mfuko wa kulalia, fundi yeyote wa pale sokoni Majengo anakushonea, blanketi laini la kati limekatwa kama gauni lisilo na mikono, chini limezibwa, mbele zipu, shingo imebana kiasi kwamba kichwa hakiwezi kuzama ndani. Ndani yake anavaa fulana, suruali ya pajama, soksi. Kanuni ya haraka ni nguo moja zaidi ya unayovaa wewe, basi. Wengi tunazidisha, tunaona Julai baridi tunamvalisha sweta mbili na kofia na blanketi mbili, na joto la kupita kiasi akiwa usingizini ni hatari kwa mtoto kama baridi ilivyo hatari. Kofia ivae mkiwa nje, akilala itoke, kichwa ndio kinampunguzia joto na pia kofia inaweza kushuka usoni.

Kumpima ni hivi. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake, pale shingo inapokutana na mgongo, hakikisha vidole vyako vyenyewe sio vya baridi. Pakiwa pakavu na pana uvuguvugu, yuko sawa, mwache. Pakiwa na unyevu wa jasho, toa nguo moja. Pakiwa pa baridi, ongeza, au mtoe umweke kifuani ngozi kwa ngozi ukiwa umekaa macho, ndio njia ya haraka kuliko zote ya kumrudishia joto. Mikono na miguu usiitumie kupimia, ya watoto huwa baridi hata nyumbani. Pima mkilala, pima saa sita, pima saa kumi alfajiri maana hapo ndipo baridi ya Dodoma inapouma zaidi. Wekeni alamu mpeane zamu.

Na jiko la mkaa haliingii kwenye tenti. Haliingii hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata mlango ukiwa wazi nusu, hata kwa dakika tano za kupasha joto kabla ya kulala. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kuonekana, inawaua watu wazima wamelala kwenye vyumba vya matofali sembuse mtoto kwenye tenti ndogo. Hivyohivyo mtungi wa gesi wenye jiko juu, hivyohivyo kuwasha gari karibu na mlango ili joto liingie. Baridi ikizidi nguo na mwili wako wewe, ikizidi zaidi ingieni kwenye gari lililozimwa au rudini nyumbani. Chupa ya maji ya moto unaweza kuiweka kwenye kigodoro dakika kumi kabla hajalala, halafu unaitoa, haibaki naye.

Mbu. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na kanda ya ziwa au kusini lakini ipo, na mbu wake anauma usiku. Chandarua chenye dawa, kile cha kawaida tunachopewa kliniki, au vile vidogo vya kukunja kama mwavuli ambavyo ni vizuri sana kwa tenti, ila hakikisheni kile cha mwavuli kina kitambaa chini au pindo lake limekandamizwa kabisa chini ya kigodoro, na mtoto asikigusie mkono maana mbu anamuuma palepale kupitia kitambaa. Zipu ya tenti ifungwe kuanzia saa kumi na moja jioni, sio mkienda kulala, mbu mkimfungia ndani mmelala naye. Dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, na kwa mkubwa wa hapo paka kidogo kwenye ngozi iliyo wazi tu, sio mikononi, ataila, sio karibu na macho na mdomo, na ile ya mkaratusi wa limao sio kwa watoto chini ya miaka mitatu. Udi wa mbu usichome ndani ya tenti, ni moshi na ni moto. Nguo ndefu nyepesi nazo zinasaidia sana. Kama mnapita maeneo ya ndorobo, msivae wala kumvalisha bluu iliyokolea au nyeusi, ndorobo wanaifuata hiyo rangi.

Fisi wapo, Dodoma yote mnajua. Fisi anafuata harufu, kwahiyo mifupa, masufuria machafu na pampasi chafu havilali nje wala ndani ya tenti, vinaingia kwenye gari vifungiwe. Mtoto haachwi ndani ya tenti peke yake nyinyi mkiwa kwenye moto mita thelathini mnapiga stori, hata kama amelala fofofo, mmoja anakaa mlangoni. Na hakuna kulala nje kwenye mkeka kuangalia nyota na mtoto kifuani, angalieni nyota mkiwa macho halafu mnaingia. Pampasi mnarudi nazo mjini kwenye mfuko uliofungwa, mkizifukia zinafukuliwa usiku huohuo.

Moto uwe mbali na tenti, hatua kumi au zaidi, na upande ambao upepo hautoi cheche na moshi kuelekea kwenye tenti. Anayechochea moto hambebi mtoto, anayemimina chai hambebi mtoto. Vimiminika vya moto kama chai vinaunguza watoto wadogo wengi kuliko moto wenyewe. Akiungua, maji safi ya baridi ya kutiririka dakika ishirini, sio dawa ya meno wala asali wala mafuta, halafu hospitali.

Chakula ni sehemu rahisi kama ananyonya. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata kwenye joto la Oktoba, hata maji kijiko kimoja hapana, maziwa yana maji ya kumtosha ila mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndio anywe maji kwelikweli, bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani. Maji ya visima vya huku mengine yana chumvi, mimi nabeba ya kutoka nyumbani kwenye dumu. Ya kijijini yachemsheni mpaka yatokote kabisa, dakika moja ya kutokota inatosha kwa huku kwetu. Kama anatumia maziwa ya kopo, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai, unga uchanganywe na maji ambayo bado ni ya moto sana halafu upooze, kikombe na kijiko ni rahisi kusafisha kuliko chuchu ya plastiki porini, na yaliyobaki baada ya saa mbili mwaga. Wa zaidi ya miezi sita beba unga wake wa uji wa lishe aliouzoea, huko sio mahali pa kujaribu chakula kipya.

Halafu vya njiani, hapa niseme kwa msisitizo maana ndio vitu vyetu tunavyojivunia. Asali ya Singida inauzwa barabarani nzuri kabisa, nunua, ila mtoto chini ya mwaka mmoja haonjeshwi hata kwa ncha ya kidole, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kupambana navyo na vinampoozesha misuli. Zabibu za Dodoma, bibi anampa mjukuu moja anyonye, zabibu nzima ni saizi ya koo la mtoto, inaziba sawasawa. Ikatwe vipande vinne kwa urefu, kwa aliyeanza kula. Ubuyu, karanga, korosho, hapana kabisa. Maziwa mabichi ya kijijini hayanywewi bila kuchemshwa na mtu yeyote, na kwa mtoto chini ya mwaka maziwa ya ng'ombe hayawi badala ya maziwa yake.

Kabla ya kumshika mtoto au chakula chake nawa mikono na sabuni, fungeni kibuyu chirizi kwenye mti karibu na tenti, dumu la lita tatu, kamba na kijiti cha kukanyaga, dakika tano kazi imeisha na mnaokoa maji.

Mchana, kivuli. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi mtoto yuko chini ya turubai, nguo nyepesi ndefu na kofia pana. Losheni ya jua chini ya miezi sita haipakwi mwili mzima, nguo na kivuli zinatosha. Ndani ya tenti mchana asilale, jua likipiga dakika chache tu joto linapanda hata nje kukiwa na upepo. Ndani ya gari lililosimama asiachwe hata dakika ya kulipia maji. Na ile tabia ya kumfunika na kanga nzito usoni ili vumbi lisimpate inamnyima hewa, kama vumbi limezidi hamisha mtoto, funga vioo ukiwa njiani. Kwenye gari anakaa kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, sio mapajani, hata Dodoma kwenda Hombolo tu.

Sasa kuumwa. Bebeni kipimajoto, kadi ya kliniki, pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuharisha, paracetamol ya watoto ambayo mfamasia amewaandikia dozi kwa uzito wake wa sasa sio wa miezi mitatu iliyopita, sabuni, tochi mbili, pawabenki iliyojaa, gari lenye mafuta zaidi ya nusu tenki. Angalieni mtandao wa simu upo pale mlipolala, kama hamna hamieni sehemu yenye mtandao.

Mnafunga safari saa hiyohiyo mkiona hataki au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea haamki vizuri, anapumua harakaharaka au kifua kinabonyea kwa ndani, amepata degedege, au ana homa ya 38 na yuko chini ya miezi mitatu. Kwa mkubwa zaidi homa yoyote kempini inamaliza kempu pia, kesho yake apimwe malaria, msimpe mseto wa kubahatisha. Akiharisha, ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kidogokidogo kwa kijiko, na anaendelea kunyonya. Utosi ukibonyea, au pampasi kavu masaa sita, au analia bila machozi, ni hospitali. Akipata degedege mlaze ubavu, msimtie kitu mdomoni, msimfukize, msimchanje, muda unahesabiwa na gari linawashwa. Nyoka akimuuma, iwe kifutu, swila au koboko, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kubana, mguu au mkono utulizwe usicheze, mtoto abebwe bila kutembezwatembezwa, na mwende hospitali kubwa moja kwa moja mkiwa mmeshapiga simu kama wanayo dawa. Kwa walio karibu na jiji ni ile ya rufaa ya mkoa pale mjini au Benjamin Mkapa kule Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Nge naye kwa mtoto mchanga ni hospitali, sio jambo la kusubiri maumivu yapoe.

Kuamua kurudi usiku wa manane ukubaliwe kabla hamjatoka nyumbani, kwamba mama akisema turudi, tunarudi, hakuna mjadala wa nyama iliyobaki. Gari liegeshwe likitazama barabarani, funguo mahali pamoja panapojulikana na wote.

Asubuhi kunguteni kila kitu kabla ya kukunja, viatu, mbeleko, kigodoro, mfuko wa kulalia, ndani ya kofia yake. Mkifika nyumbani mvueni nguo zote mkamwogeshe mkikagua kupe, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja, ukimkuta mvute kwa kibano cha nyusi karibu na ngozi, taratibu, moja kwa moja bila kupindisha. Halafu mwezi mzima unaofuata, malaria inaweza kuchukua wiki moja mpaka nne kujitokeza, mtoto akichemka mpelekeni akapimwe na mwambieni nesi mlilala nje, wapi na tarehe gani.